Macho ya Wageni Katika Nchi ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Makao yake makuu yaliwekwa Bariadi, na jina lake likatwaliwa kutoka katika mto. Mto wenyewe si mkubwa. Huanzia upande wa mashariki, katika mbuga zinazopakana na Serengeti, hupokea maji ya Duma na vijito vingine, kisha huingia katika Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Wakati wa mvua hufurika ukakata njia. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua mno, na mchanga huonekana mahali palipokuwa na mkondo. Ni mto wa wafugaji na wakulima wa pamba, na asiyezaliwa kando yake hana sababu kubwa ya kuujua. Walakini katika miaka ya 1870 jina lake lilisomwa na watu wa London na New York, likitajwa kuwa ndilo chimbuko la kusini kabisa la Mto Nile.

Habari hiyo ilikuwa ya makosa, na makosa yake yamekwisha sahihishwa zamani. Lakini namna yalivyotokea yastahili kuangaliwa upya, kwa kuwa barua iliyoyabeba ni miongoni mwa maandishi ya kwanza juu ya nchi ile. Mwanafunzi wa historia ya Usukuma, atakapo kujua hali ya watu kabla ya utawala wa Wajerumani, hupelekwa upesi kwa mashahidi wawili: John Hanning Speke, aliyepita mwaka 1858, na Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1875. Vitabu vyao hunukuliwa kana kwamba ni vioo. Mara chache huulizwa kama wasafiri hawa walikuwa wazima au wagonjwa siku waliyoingia, walitokea njia ipi, walikula nini jana yake, na ni nani aliyewafasiria walichokiona.

Kabla ya kuwafikia, yafaa kulitazama jina la nchi, maana nalo lina macho ya msafiri ndani yake. Katika lugha za Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Wasukuma, basi, ni watu wa kaskazini. Lakini kaskazini ya nani? Ni ya yule aliyesimama Unyanyembe, penye njia kuu ya misafara, akanyosha mkono kuelekea ziwani. Mtu wa Ntuzu, nchi ambayo Bariadi imo ndani yake, hakuwa na haja ya kujiita mtu wa kaskazini alipokuwa nyumbani kwake. Alikuwa Mnyantuzu, chini ya mtemi wake, na majirani zake walikuwa na majina yao na watemi wao. Jina moja la kuwakusanya wote lilikua kadiri wapagazi, wafanyabiashara wa pwani, wamisionari na hatimaye maofisa wa serikali walivyolihitaji. Hata kabla Mzungu yeyote hajakanyaga huko, nchi ilikwisha pewa jina na mpita njia.

Speke aliondoka Kaze, mahali palipo karibu na Tabora ya leo, mwezi Julai 1858. Mwenzake na mkuu wake wa safari, Richard Burton, alikuwa mgonjwa akabaki nyuma. Speke mwenyewe hakuwa mzima. Mwezi Februari mwaka huohuo, walipofika Ziwa Tanganyika baada ya miezi mingi ya taabu, macho yake yalikuwa yamepatwa na maradhi kiasi cha kutoweza kuliona sawasawa ziwa waliloliendea. Tena, alipokuwa akisafiri katika ziwa lile, mdudu aliingia sikioni mwake usiku. Akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, na sikio likaharibika. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuandika juu ya Usukuma aliingia humo akiwa na macho mabovu na sikio moja lisilosikia vema. Hilo si jambo la kumcheka. Ni jambo la kuliandika pembezoni mwa kila ukurasa wake.

Kwa ajili ya ukali wa jua alivaa miwani ya rangi ya kijivu. Watu wa vijijini hawakuwa wamepata kuona kitu cha namna hiyo juu ya uso wa mwanadamu. Walimsonga njiani, wakainama, wakachungulia chini ya ukingo wa kofia yake ili wayaone vizuri macho yale ya mgeni yaliyokuwa mawili juu ya mawili. Msongamano ulizidi hata akashindwa kwenda; akaivua miwani, akaitia mfukoni. Yeye mwenyewe ameisimulia habari hii kama kichekesho cha safari, kisha akaendelea na vipimo vyake vya njia na hali ya hewa. Lakini kwa mwenye kutafuta historia ya watu, hapa ndipo kitabu kinapofunguka. Msafiri alikuja kuangalia, akaangaliwa yeye; na kwa sababu ya kuangaliwa huko alilazimika kwenda akiwa haoni vizuri. Kila alichoandika juu ya vilima na mashamba katika siku zile alikiona kwa macho yaliyokuwa yakiwaka jua, kwa kuwa wenyeji nao walikuwa na hamu ya kujua.

Katika njia hiyohiyo alikutana na mtawala mwanamke, aitwaye Ungugu, katika nchi aliyoiandika kwa jina la Unyambewa. Speke anamwita sultana. Neno hilo si la nchi ile. Ni la pwani, na lilikuwa mdomoni mwa watu wa msafara, ambao kila mtawala waliyemdai chakula au aliyewadai hongo walimpa cheo cha Unguja. Mama huyu alikuwa mzee, mwenye mapambo ya waya mikononi. Alimkaribisha mgeni, akayagusa mavazi yake, akaishika mikono yake na kustaajabia ulaini wa viganja. Wengi husoma kipande hiki kwa kicheko, wakidhani kinaonyesha ujinga wa mama mzee. Kwa kweli kinaonyesha akili yake. Katika nchi ambamo kiganja cha mtu kilieleza jembe alilolishika, upinde alioubeba na kuni alizozipasua, yule mama alifanya uchunguzi kwa kipimo alichokuwa nacho, akapata jibu sahihi kabisa: mtu huyu halimi. Speke hakupata jibu sahihi hivyo juu ya Ungugu. Hakuandika alitawala kwa haki gani, wala urithi wake ulitoka upande gani, wala baraza lake lilikuwa la akina nani. Na haya ndiyo ambayo mwanahistoria wa leo angetoa ng'ombe ili ayajue.

Si haki kumlaumu peke yake. Hakujua Kisukuma wala Kinyamwezi, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Maneno yake yote yalipita kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akapelekwa India, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi Unguja. Speke na Bombay walisemezana kwa Kihindustani, lugha ambayo haikuwa ya mmoja wao. Swali la Speke liliondoka katika Kiingereza cha fikira zake, likaingia Kihindustani, kisha Kiswahili, kisha lugha ya wenyeji. Na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, likipoteza kitu katika kila kivuko. Mtu akisoma leo kwamba wenyeji walisema hivi au vile, na aikumbuke ngazi hii.

Tarehe 30 Julai Speke aliona hori ya ziwa upande wa Mwanza, na tarehe 3 Agosti, juu ya kilima, akaliona ziwa lenyewe limetanda mbele yake. Kwa mtawala wa mahali pale, aliyeitwa Mahaya, alimpata mtu aliyesifiwa kuwa msafiri kuliko wote wa nchi ile, akamwuliza ziwa laenda hadi wapi upande wa kaskazini. Mtu yule aligeuka kutazama kaskazini, akatikisa kichwa, akatupa mkono mbele mara kwa mara huku akilia vidole, kuonyesha kitu kisichopimika. Akasema hakuna ajuaye, lakini huenda laenda hadi mwisho wa dunia. Kwa jibu hilo, pamoja na habari alizopata kwa Waarabu wa Kaze na kipimo cha mwinuko wa maji, Speke aliamua papo hapo kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton alimkatalia tangu siku aliyorudi. Ugomvi wao uliendelea miaka sita, hata Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala uliotazamiwa kuwakutanisha mbele ya wataalamu mjini Bath.

Burton alikuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mwembamba mno. Hata hivyo Speke alisema kweli: maji ya Nile hutoka kaskazini mwa ziwa lile. Mgonjwa wa macho, mwenye sikio moja, aliyesemeshwa kwa lugha ya tatu na kujibiwa kwa mlio wa vidole, alikisia na akapata. Stanley, ambaye habari yake inafuata, alikuwa na macho mazima, vyombo vizuri vya kupimia na watu wengi, na mito yenyewe aliivuka kwa miguu yake. Naye juu ya Simiyu akakosa.

Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukiwa na watu zaidi ya 300, pamoja na mashua iliyokatwa vipande na kubebwa mabegani, iitwayo Lady Alice. Wazungu walikuwa wanne: yeye, ndugu wawili Francis na Edward Pocock, na Frederick Barker. Waliobaki walikuwa Wangwana wa Unguja na wapagazi wa bara, wanaume na baadhi ya wanawake na watoto wao, na bila hao kusingalikuwa na safari. Badala ya kufuata njia ya kawaida ya Unyanyembe, Stanley alikata upande wa kaskazini baada ya Ugogo, akaingia katika nchi ambazo misafara haikuzizoea. Mwezi Januari 1875 njaa iliwapata porini. Watu walianguka njiani wakafa. Uji wa shayiri uliobaki katika akiba ya Wazungu ulipikwa katika sanduku la chuma, kila mtu akapata kidogo. Edward Pocock akafa kwa homa tarehe 17 Januari, akazikwa Chiwyu. Siku chache baadaye, mahali palipoitwa Vinyata, katika nchi ya Wanyaturu, kukazuka vita vilivyoua watu wengi wa msafara na watu wengi wa nchi. Vijiji vikachomwa na nafaka ikachukuliwa. Stanley ameueleza ugomvi huo upande wake. Upande wa pili haukuandikwa.

Ni watu hawa, basi, wenye njaa, wenye misiba na wenye hofu, walioingia Usukuma mwezi Februari. Na Februari ni wakati gani huko? Ni katikati ya mvua. Nyasi mbichi, ng'ombe wana maziwa, mabonde yana maji, mashamba ya mtama yamesimama. Watu waliwapokea bila vita. Chakula kilipatikana kwa nguo na shanga, kwa bei ambayo msafara ulikuwa umeisahau. Na vijana wa nchi wakakubali kubeba mizigo kwa ujira. Stanley asimulia kwamba alipanda juu ya jabali, mojawapo ya majabali yale makubwa ya kijivu yanayotapakaa Usukuma, akakaa kitako, akaangalia makundi ya ng'ombe na mbuzi, wachungaji wao, vijiji na moshi wake, akaridhika moyo kwa namna ambayo haikumpata tangu alipoondoka pwani. Kurasa zile ni nzuri. Zimejaa sifa za nchi yenye neema na amani, na zimetumiwa na zaidi ya mwandishi mmoja kuonyesha kwamba Usukuma wa karne ya 19 ulikuwa nchi ya shibe.

Pengine ulikuwa hivyo. Lakini ushahidi huo ni wa mtu aliyetoka kuzika. Mwenye njaa ya siku nyingi hasifu chakula kwa ladha yake. Hukisifu kwa urefu wa njaa. Kama Stanley angaliingia kwa upande wa Unyanyembe, ameshiba, mwezi wa Septemba, angaliona nchi nyingine: ardhi nyeusi iliyopasuka, ng'ombe waliokonda wakipelekwa mbali kutafuta maji, maghala yaliyoanza kupungua. Nchi zote mbili ni za kweli, na kila mtu wa Bariadi au Maswa hukutana nazo zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Mpita njia hupata moja tu, kisha huiandika kana kwamba ndiyo yote.

Kutoka katika neema hiyo ya mvua ndiko lilikotokea kosa la mto. Katika safari yake Stanley alikuwa amevuka mto aliouita Liwumbu, na mbele zaidi, ndani ya Usukuma, mto mwingine uitwao Manonga, naye akiuandika Monangah. Yote ilikuwa imejaa maji. Alipofika ziwani akasikia habari za mto wa tatu, Simiyu, unaoingia katika ziwa upande wa mashariki ya kambi yake. Akaiunganisha. Katika barua aliyoiandika tarehe 1 Machi 1875 aliwaeleza wasomaji wake kwamba Liwumbu hugeuka kuwa Manonga, na Manonga hugeuka kuwa Simiyu: mto mmoja wenye majina matatu, urefu wake zaidi ya maili 300, na hivyo chimbuko la mbali kabisa la Nile upande wa kusini. Iangaliwe tarehe ile. Aliianza safari yake ya mashua kuzunguka ziwa tarehe 8 Machi. Barua iliyoutawaza mto iliandikwa wiki moja kabla mwandishi hajauona mdomo wake.

Kwa kweli Manonga hauendi ziwani hata kidogo. Maji yake huteremka kusini-mashariki, yakakutana na ya Wembere, yakaelekea Ziwa Kitangiri, na kutoka huko kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Ni maji ya bonde lililofungwa. Hayafiki bahari yoyote, wala Nile, wala popote ila katika chumvi na mvuke. Mgawanyiko wa maji hayo na maji ya Simiyu umo katika nchi iliyo karibu tambarare, isiyo na mlima wa kumwambia msafiri kwamba hapa ndipo mpaka. Mchungaji yeyote wa pale alijua maji ya mvua yakimbilia wapi, kwa kuwa ng'ombe wake waliyafuata. Msafara ulimwuliza mchungaji habari za chakula, njia na hongo. Haukumwuliza habari hiyo, na kama ulimwuliza, jibu lake halikuingia kitabuni. Tena majina matatu yenyewe yalikuwa ushahidi. Stanley aliyafanya kuwa majina ya mto mmoja unaobadilika, ilhali yalikuwa majina tofauti kwa sababu ile rahisi kwamba mito ilikuwa tofauti.

Haki yatakiwa kusemwa: msafiri alikuwa na haraka, mvua zilikuwa zimefunika alama za nchi, na ulimwengu uliomtuma ulitaka jibu moja tu, la Nile. Magazeti mawili yalilipa gharama, la Daily Telegraph la London na la New York Herald. Mtu aliyepoteza watu wengi hivyo hawezi kuandika kwamba amevuka vijito kadhaa. Baadaye wengine walilisogeza chimbuko lile magharibi: Oscar Baumann alilitaja Ruvuvu, nchini Burundi, mwaka 1892, Richard Kandt akaufuata Rukarara wa Rwanda mwaka 1898, na Burkhart Waldecker mwaka 1937 akaweka alama yake kusini mwa Burundi. Simiyu ukaachwa ulivyokuwa kabla ya kutawazwa, mto wa wenyewe.

Stanley na watu wake walifika Kageyi, kando ya ziwa, tarehe 27 Februari 1875. Frank Pocock alitangulia kupanda kilima, akaliona ziwa, akarudi mbio kuwaambia wenzake. Wapagazi wakaimba. Stanley ameuweka wimbo wao katika kitabu chake, lakini ameuweka kwa Kiingereza, wenye vina na mizani ya Kiingereza, kama vile wapagazi wale walikwenda shule moja na washairi wa London. Waliimba nini hasa? Kwa lugha gani? Nani aliongoza, na wengine waliitikia namna gani? Mwenye kujua ngoma za Usukuma, ambako mtunzi hutukanwa na kusifiwa kwa kila neno lake, ataona hasara iliyo hapa. Ndiyo mara moja tu katika safari ile yote ambapo wabeba mizigo walitoa maoni yao wenyewe juu ya walichokiona kwa mara ya kwanza, na maneno yao yamepotea chini ya tafsiri.

Kijiji chenyewe hakikumvutia Stanley sana. Aliona vibanda ishirini au thelathini vya msonge, vimezungushwa ua wa miiba. Hesabu yake ya watu ndiyo ya kukumbukwa: katika wale zaidi ya 300 wa Bagamoyo, waliofika naye walikuwa askari na wapagazi 166, na Wazungu watatu. Wengine walikufa, wengine walitoroka. Hao waliotoroka nao walikuwa wasafiri, na wengine walirudi makwao wakiwa na maono yao ya kwanza juu ya Stanley. Hayo pia hayakuandikwa.

Kwa upande wao, watu wa Kageyi walimweleza mgeni habari za ziwa. Walisema kulizunguka kwahitaji miaka. Kwamba ng'ambo ya pili kuna watu wenye mikia, wengine wafugao mbwa wakubwa kwa ajili ya vita, wengine wala watu. Mmoja wao, Saramba, alichaguliwa awe kiongozi wa mashua, na uso wake ukabadilika alipotambua kwamba ni kweli watakwenda. Wasomaji wa Ulaya walifurahia hadithi hizo. Lakini zina undugu na barua ya tarehe 1 Machi. Mtu wa Kageyi hakufika ng'ambo, akaijaza kwa mikia na mbwa. Stanley hakufika mdomo wa Simiyu, akaujaza kwa Nile. Tofauti ni kwamba hadithi ya Saramba ilibaki kijijini, na ya Stanley ilichorwa katika ramani.

Nchi ya Ntuzu yenyewe haimo katika kurasa za wasafiri hawa wawili, ila kama upande wa mashariki wa kitu kingine. Njia ya Speke ilipita mbali magharibi, na ya Stanley ilikata kuelekea kaskazini bila kuigusa Bariadi. Ukimya huo usidhaniwe kuwa ni utupu. Ramani za karne ile zina nafasi nyeupe mahali palipokuwa na watemi, mashamba, malambo, vita na ndoa, kwa sababu tu hakuna msafara uliochoka ukapumzika hapo. Tena mtu aliyechelewa kuandikwa aliandikwa katika wakati mbaya. Mnamo mwaka 1891 sotoka ilikuwa imekwisha ingia Afrika ya Mashariki na kuangamiza ng'ombe. Baumann, aliyetajwa juu, alipopita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, aliwakuta Wamaasai wanakufa njaa, wakisogea kambini kwake kuomba mabaki ya chakula. Mgeni aliyetoka upande huo mwaka huo aliingia Usukuma ukiwa umejeruhiwa. Stanley, miaka 17 kabla yake, alitoka katika njaa akaingia penye ng'ombe. Wakiwekwa pamoja katika kitabu kimoja cha historia, bila tarehe na bila hali zao, wataonekana kana kwamba walieleza nchi mbili, au kwamba mmoja wao ni mwongo.

Tarehe 8 Machi 1875 mashua ya Lady Alice ilisukumwa majini Kageyi, ikiwa na Stanley, mabaharia wake na Saramba, ikafuata pwani ya kusini ya ghuba kuelekea mashariki. Katika siku za kwanza ilipita mbele ya mdomo wa Simiyu. Sasa Stanley aliuona kwa macho yake mto aliokwisha uandika. Hakubadilisha neno, aliendelea na safari, akaenda hadi Buganda, na alirudi Kageyi mwezi Mei. Alikuta Barker amekufa tangu mwezi Aprili, na baadhi ya Wangwana aliowaacha nao wamekufa, na wote wamezikwa papo hapo. Kwa mtawala wa kijiji, Kaduma, mambo haya yalikuwa mapya na mazito kuliko habari yoyote ya Nile: wageni wengi, biashara kubwa ya chakula kwa miezi kadhaa, kisha makaburi. Mwaka 1877 wamisionari wa Kiingereza, walioitikia barua nyingine ya Stanley iliyoandikwa Buganda, walifika kwake hapohapo. Mmoja wao, daktari, alikufa mwezi Mei mwaka huo, naye akazikwa Kageyi.